Muulize Mwalimu wa Muziki: Hizi fidla nazozibuni kwa mkono wa kushoto, ni kazi ya kulipwa?

Barua za mwezi huu zimekuja nyingi, na tatu zimeshikana: zote zinauliza kuhusu ile kazi ya kuchukua wimbo na kuuvisha okestra. Nimeziweka pamoja. Ya kwanza imeniingia sana kwa hivyo ntaijibu kwa urefu, mnivumilie.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi kijana wa miaka 23, kwetu ni Shela ya Lamu lakini nafanya kazi Malindi, napiga kibodi hotelini usiku tano kwa wiki. Wageni wetu wengi Waitaliano na wanapenda zile nyimbo ambazo mtu anaimba kwa sauti ya opera lakini nyuma yake kuna ngoma na gitaa za kisasa. Nimezishika zote kwa sikio. Juzi mzee mmoja wa Kiitaliano akaniuliza zile fidla nazopiga kwa mkono wa kushoto nimezitoa wapi, nikamwambia nimezibuni tu, akasema hio ni kazi, kuna watu maisha yao yote hawafanyi kingine. Mwalimu ni kweli? Wanaifanyaje, na mtu kama mimi ambae sijui kusoma noti nitafika? *Kijana wa Shela*

JIBU: Marahaba mwanangu. Mzee yule hakukudanganya, kazi ipo, na ni kazi mbili ingawa mara nyingi mtu mmoja ndo anazibeba zote. Arenja ndie anaeamua sauti gani iende kwa nani, huu mstari wa fidla, huu wa sello, hapa mwimbaji abaki peke yake na udi, hapa waingie wote. Prodyusa anasimamia rekodi mwanzo mpaka mwisho, anachagua wimbo na mwimbaji na studio, anahesabu pesa, na ndie wa kusema hii imekubali au turudie. Mtunzi ni mtu mwengine kabisa. Watu huwachanganya hawa watatu na anaeumia ni arenja, wimbo unapendwa dunia nzima na jina lake hakuna anaelijua.

Na kazi ya arenja unaisikia tangu chekechea, hukujua tu. Wimbo wetu wa taifa wa Kenya, ile sauti haikutoka ofisini, ni wimbo wa Wapokomo wa kumbembeleza mtoto, Wapokomo hawa hawa wa mto Tana ambao unapita kwao ukipanda basi la Malindi kwenda Mokowe. Mwaka 1963 ikawekwa kamati ya watu watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Peter Kibukosya, Washington Omondi na Mchungaji Thomas Kalume, wakaichukua ile sauti ya mama na mwanawe wakaitia maneno mapya na kuipanga upya mpaka leo ikipigwa uwanja mzima unasimama. Kalume huyo baadae akawa mbunge wa Malindi Kaskazini. Kwa hivyo usifikiri kazi hii ni ya huko mbali, mtu wa Malindi alikaa kwenye ile meza.

Sasa hii ya kuchanganya opera na nyimbo za kawaida. Ilikuwepo zamani lakini ilipofumuka hasa ni tarehe 7 Julai 1990, usiku wa kuamkia fainali ya Kombe la Dunia, pale Roma kwenye magofu ya Caracalla, waimbaji watatu wa opera, Pavarotti, Domingo na Carreras, wakaimba pamoja. Kuna ule mseto wa nyimbo wanaopokezana, huyu kipande huyu kipande, aliepanga ule ni Lalo Schifrin. Msome huyu. Alizaliwa Buenos Aires 1932, baba yake alikua mpiga fidla wa okestra ya Teatro Colón, jumba la opera la huko, akaenda Paris kusoma konsavatori, mchana anasoma harmonia na usiku anapiga jazi kwenye vilabu ili apate chakula. Baadae akampigia piano Dizzy Gillespie, mpiga tarumbeta wa jazi, akaandika muziki wa kipindi cha televisheni cha Mission: Impossible, halafu ndo akaitwa kuwapangia wale waimbaji watatu. Nakutajia huyu kwa sababu ya zile usiku zake za kilabuni, manake najua wewe unaona hoteli kama kupoteza wakati. Haikupotezei, inakufunza watu wanataka nini na wanachoka wapi, na hakuna chuo kinachofunza hilo.

Upande wa prodyusa mtazame Frank Peterson wa Hamburg. Alikuwemo kwenye albamu ya kwanza ya kundi la Enigma, 1990, ile iliochukua kwaya za watawa wa zamani ikaziweka juu ya ngoma za dansi. Halafu akaanza kufanya kazi na Sarah Brightman, mwimbaji wa Kiingereza. Mwaka 1995 Andrea Bocelli, mwimbaji wa Kiitaliano, aliimba Con te partirò kwenye tamasha la Sanremo, peke yake, sauti ya mtunzi Francesco Sartori, na pale Italia haikutikisa sana. 1996 Peterson akaifanya ya watu wawili, Bocelli na Brightman, nyuma okestra ya London Symphony, ikapigwa kwenye pigano la kuaga la bondia Henry Maske kule Ujerumani, na kutoka hapo hadi leo hujalala Malindi bila kuombwa uipige. Sauti ile ile. Kilichobadilika ni nani aanze, nani apokee, wapi wanyamaze, wapi wapande pamoja, na hayo yote huamuliwa mezani kabla mwimbaji hajafungua mdomo.

Na wa tatu nakutajia kwa sababu ya lugha yetu. Christopher Tin, Mmarekani, alitunga Baba Yetu kwa ajili ya gemu ya kompyuta, Civilization IV, ya 2005. Maneno ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Februari 2011 ikapata Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani, muziki wa kwanza wa gemu kuipata, na sikiza vizuri ilipata kwa lipi: tuzo ile ni ya arenjimenti ya vyombo nyuma ya waimbaji. Yaani ni kazi yako hasa, mwanangu. Na albamu yake yenye wimbo huo, Calling All Dawns, siku hio hio ikachukua tuzo ya albamu bora ya klasiki mchanganyiko. Mimi niliposikia nilifurahi na nikaumia pamoja. Kiswahili kimefika huko na sisi wenyewe tulio nacho mdomoni, wenye udi na ganuni na matari, hatujakaa chini kuandika.

Hatuandiki kwa sababu tunadhani tunaweza kutegemea sikio tu. Ntakuambia yalionipata mimi. Miaka ya nyuma nilipewa kazi ya kumpangia fidla bibi mmoja mwimbaji wa taarab, sauti yake ilikua kama hariri, alijifunza kwa wapiga udi wa zamani wa Lamu. Nikakaa na kibodi yangu wiki mbili nikatengeneza fidla nzuri kweli, za kujaa. Siku ya kurekodi bibi akaimba beti moja akanyamaza. Nikamwambia bi, rudia, umepotea kidogo. Akarudia akanyamaza tena. Mara ya tatu akavua hedifoni akaniambia, "Mwanangu, mimi sijapotea, hicho chombo chako ndicho hakinijui." Nilikasirika moyoni, nikaona ni uzee. Mzee mpiga fidla aliekuwepo akanivuta pembeni akanipigia noti tatu tu, na hapo ndo nikaelewa nimekosa nini. Wimbo ulikua wa makamu ya Rast, makamu ndo ile ngazi ya noti ya muziki wa Kiarabu. Kwenye Rast ukianzia C, noti ya tatu haiko kwenye E wala kwenye E iliyoshushwa, iko katikati yake, na hio katikati kwenye piano hakuna, hapana kitufe chake. Bibi alikua anaimba mahali pake sahihi na mimi nimemwekea fidla ishirini za kompyuta zinamvuta kwenda E ya kizungu. Wiki mbili za kazi zikaenda na maji. Yule bibi ameshafariki, Mungu amrehemu, na kile kipande hatukuwahi kukimaliza, na mimi mpaka leo siombi samahani kwa mwimbaji mwengine bila kumkumbuka yeye.

Kwa hivyo shika hili kabla ya mengine. Kama wimbo ni wa Rast au Bayati, zile robo sauti, yaani noti za katikati kama hio, wape fidla, sello, udi na nai, hao wanaweza kuzifikia, na piano uiamrishe ikae mbali na noti hio, ipige zingine tu, au utumie kibodi ya mashariki yenye vitufe vya kushusha noti nusu ya nusu. Kama ni lazima piano na tarumbeta ziwepo zote, chagua wimbo wa Nahawand, ambao unakaribia maina ya kizungu, ile ngazi ya huzuni, au Ajam ambayo ni kama meja, ile ya furaha, au Kurd, hizo hazina robo sauti ya kukugombanisha na okestra. Arenja aliesoma Ulaya tu lazima afundishwe haya, wewe umeyalalia na kuyaamkia, umeyasikia harusini na barazani kabla hujajua kutembea. Usiyatupe ili ufanane na wao.

La pili ni vidole. Wewe ukibonyeza sauti ya nyuzi kwenye kibodi unapiga noti nane tisa zimebanana katikati, hotelini inasikika sawa kwa sababu chumba kidogo na watu wanakula. Okestra sio mikono miwili. Fidla uzi wake wa chini ni G, chini ya hapo hakuna kitu, ukiandika F mpigaji atakuangalia tu. Viola na sello wanaanzia C, sello oktava nzima chini ya viola. Noti za chini ziachanishe, zile za juu ndo zikaribiane, ukibana chini inakua tope. Mpiga nai na muimbaji wanavuta pumzi, waachie mahali. Na sauti ya mwimbaji ipo katikati kabisa pale unapopenda kujaza fidla, basi akiimba ondoka hapo, akinyamaza rudi. Mimi nikisikiza kazi ya kijana hua natazama hilo la mwisho kwanza, naona kama anamsikiza mwimbaji au anajisikiza mwenyewe.

Noti lazima ujue kusoma, hapa sikupaki mafuta. Utashika kwa mwaka ukiwa na bidii, nusu saa kila siku kabla ya kwenda kazini. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, ipo tangu 1944, na Unguja kuna chuo cha Dhow Countries Music Academy ambapo unasoma taarab na noti pamoja, mimi ningekua na umri wako ningeangalia Unguja kwanza. Lakini usingoje chuo. Andikia watu wanne ulio nao. Lamu bado kuna wazee wa udi na fidla, Malindi kuna kwaya za makanisa zenye watu wa sauti nne waliozoea kufuata karatasi. Andika dakika mbili, wape, kaa uwasikize wakikosea, mahali wanapokosea wote ujue umekosea wewe. Fanya hivyo mara ishirini. Siku utakayolipwa kuandikia okestra ya kukodi kule Budapest, Prague au Skopje, na siku hizi wanarekodi huko na wewe unasikiza moja kwa moja kwa intaneti ukiwa Malindi, wale wanahesabu kwa saa na karatasi yenye kosa moja inasimamisha watu arubaini.

Jambo jengine nakuomba kama mtu wa Lamu kwa mwenzake. Najua siku moja utataka kutia matari ya Maulidi ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu ndani ya kazi yako, sauti ile inavutia na wageni wataipenda. Nenda kwanza uwaulize wenyewe. Wakikataa, basi.

Utafika? Sikio unalo, manake mzee yule hakukuuliza kwa heshima tu, Waitaliano hawaulizi fidla zimetoka wapi kama hazijawashika. Kuishi kwa kazi hii peke yake ukiwa Malindi ni vigumu kwa miaka mingi ya mwanzo, utachanganya na hoteli, na kwaya, na matangazo ya redio, na harusi. Usiache hoteli bado.

SWALI: Habari Mwalimu. Naongoza kwaya hapa Malindi. Tumechukua O sole mio tukaipanga sauti nne kwa Kiswahili, ngoma zetu za Kigiriama chini. Mgeni mmoja ameipenda anataka kuirekodi akauze Italia, anasema huo wimbo ni wa zamani hauna mwenyewe. Ni sawa? *Mama wa kwaya*

JIBU: Nzuri dada. Pole pole hapo. Ni kweli wimbo ni wa 1898, aliejulikana kwa kutunga sauti ni Eduardo di Capua alofariki 1917, na maneno ya Giovanni Capurro alofariki 1920. Miaka mingi kila mtu alidhani umeshakua huru. Lakini 2002 mahakama ya Turin ikaamua kuna mtu wa tatu, Alfredo Mazzucchi, ambae alimuuzia di Capua sauti kadhaa mwaka 1897 na jina lake likaachwa nje ya nyimbo 18, huu ukiwa mmoja wao. Mazzucchi alikufa 1972. Ulaya haki inaishi miaka 70 baada ya mtunzi kufa, kwa hivyo huko hesabu inakwenda mpaka 2042. Kwetu Kenya, kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, ni miaka 50 baada ya mwaka wa kifo, yaani imeisha na 2022. Mnaweza kuuimba Malindi kwa amani, lakini kwenda kuuza Italia huyo mgeni ndie anatakiwa alipie ruhusa kule, na muandikiane kwamba ni juu yake.

Sikiza dada, mimi hii habari ya Mazzucchi nimeihifadhi kwa roho, kila nikiusikia wimbo ule unapigwa ufukweni namuwaza. Miaka mia jina lake halipo, ilibidi binti yake ndio aandike serikalini kusema huyu ni baba yangu na hizi ni kazi zake. Na yeye hakuibiwa usiku, aliuza mwenyewe kwa karatasi. Ndio mujue mkono wa kuandika jina una nguvu gani.

Mpangilio wenu ni wenu hata kama wimbo sio wenu. Zile sauti nne na zile ngoma mumezitengeneza nyie, na maneno ya Kiswahili yana mwenyewe pia, aandikwe kwa jina. Kabla ya kuingia studio muwe na karatasi inayosema nani amepanga, nani ametafsiri, malipo ni ya mara moja au kuna asilimia kila ikiuzwa, na jina litokee wapi. Kawaida arenja hulipwa mara moja kwa wimbo na basi, prodyusa ndie hua na asilimia, kwa hivyo kama mgeni anataka kulipa mara moja iwe pesa ya maana. Mimi niliwahi kumpangia mtu muziki wa tangazo kwa maneno ya mdomo, tukapeana mikono, tukanywa chai, na baada ya miezi nikausikia kwenye tangazo la pili na la tatu ambazo sikulipwa hata senti. Nilipokwenda kudai nikaulizwa karatasi iko wapi. Nilirudi nyumbani na mikono mitupu. Msirekodi hata beti moja kabla ya sahihi, na nakala moja ikae kwako dada, sio kwa katibu.

SWALI: Mwalimu mimi niko Langoni, Lamu, form tatu, msichana. Sina kompyuta wala kibodi, nina simu ya mamangu jioni tu. Naweza kuanza kupanga muziki?

JIBU: Waweza mwanangu. Nunua daftari, piga mistari mitano mitano kwa rula, nafasi ya kidole kati ya mitano na mitano. Chukua wimbo mmoja unaoupenda, taarab ni bora kwa sababu vyombo vinasikika kila kimoja mahali pake. Jioni ukipata simu sikiza besi peke yake, dakika moja tu ya wimbo, uiandike. Kesho yake ile sauti ya mwimbaji. Keshokutwa fidla zinapojibu. Usisikize vyote kwa pamoja utachoka. Kama hujui alama andika majina ya herufi kwanza, alama zitakuja, muombe mwalimu wa kwaya au wa bendi ya shule akuonyeshe. Shule ikiwa na kompyuta waombe wakuwekee MuseScore, programu ya kuandikia noti, ni ya bure, na toleo la 4 lililotoka Disemba 2022 linakupigia ulichoandika kwa sauti za vyombo karibu na za kweli. Lakini ukishaona kwenye daftari ndio uende kwenye kompyuta, usianzie huko.

Ukimaliza dakika moja, hata kama ina makosa, piga picha unitumie kupitia gazeti, ntaisahihisha mstari kwa mstari na tutaichapa toleo lijalo. Andika kwa kalamu nyeusi, penseli haionekani kwenye picha, na juu uandike jina la wimbo, na chini yake jina lako.